Pete za Mninga na Jembe la Maganga

Vijana niliowaacha kazini, siku niliyorudisha funguo mliniomba niandike machache kuhusu miaka yangu ya kusoma miti. Nimechelewa kwa sababu nilitaka kwanza nijue ninasikitikia nini hasa. Vyeo sitavitaja, aliyevipata anavijua, na aliyevikosa anavijua zaidi. Mishahara nayo niiache. Nilistaafu kwa hiari nikiwa na miaka hamsini na mitano, macho yangu yakiwa bado yanaona uzi ndani ya tundu la sindano, na wengi mmeniuliza kwa nini sikungoja sitini. Jibu liko mbele. Asiye na subira hafai kazi ya miti, kwa hiyo na asome kwa utaratibu.

Nilizaliwa Isevya, hapa Tabora mjini, nyuma ya karakana ya baba yangu, seremala wa milango na vitanda aliyeupokea ufundi kwa baba yake. Nilikua nikikanyaga maranda ya mninga, na kabla sijajua kusoma nilijua kwamba fundi anayejiheshimu haachi weupe katika kazi yake. Weupe ni ule mwili wa nje wa mti, laini na wa rangi hafifu, unaouzunguka moyo wake mwekundu. "Weupe ni chakula cha bungua," baba alikuwa akisema, na kuuchonga wote mpaka abaki na wekundu mtupu. Mteja aliyepelekewa mlango wenye weupe alikuwa na haki ya kuurudisha na kumsema fundi sokoni. Niliiheshimu sana kanuni hiyo. Baadaye ilinisumbua kazini kuliko kanuni nyingine yoyote.

Siku ya kwanza kwenye kituo chetu cha utafiti wa miti nilipokelewa na Bwana Sanga, mtu wa Njombe, mrefu na mkavu wa maneno, ambaye ndiye aliyenifundisha karibu kila ninachokijua.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Wewe ndiye binti wa seremala?"

"Ndiye mimi."

"Basi msasa hutauogopa." Akanipa kisahani cha mninga kilichokatwa kwa msumeno mkali, na karatasi za msasa kuanzia ule unaokwaruza kama mchanga mpaka ule unaoteleza kama hariri. "Piga mpaka uone."

"Nione nini, mzee?"

"Nikikuambia, utaniletea hicho hicho."

Nilipiga msasa mpaka vidole vikapoteza alama zake. Nilipomrudishia, nikamwambia nimeona mistari na nimeihesabu. Alichukua pini, akaipitisha juu ya kisahani polepole, kisha akasema jumla yangu ni sahihi. Nilitabasamu. Akaendelea: "Hapa umeruka pete moja, na pale umeihesabu nyingine mara mbili. Makosa mawili yameoana yakazaa jibu sahihi. Hili ndilo kosa baya kuliko yote, kwa sababu halimpi mtu sababu ya kurudi nyuma. Rudi ukapige msasa."

Kwa wale ambao watasoma haya bila kuwa wa kazi yetu, ni vyema niseme pete ni nini. Mvua zetu huanza karibu na Novemba na kukatika Aprili. Zikikatika, mninga hupukutisha majani na kulala. Zikirudi, huamka na kujenga mbao mpya, na mwanzo wa ujenzi huo huacha mstari wa vitundu ambao jicho lililofundishwa huuona. Mwaka wa mvua njema, pete huwa pana. Mwaka wa ukame, huwa nyembamba kama ukucha wa mtoto. Kwa kuwa ganda la mti ulio hai ni mwaka huu, mwanzo wa hesabu haubishaniwi. Unaanzia kwenye ganda na kurudi ndani, mwaka baada ya mwaka, mpaka unafika enzi ambazo hakuna mtu wa hapa aliyekuwa na kipimo cha mvua, enzi za wapagazi waliopita njia hii na pembe za ndovu mabegani. Hakuna aliyeandika kama mwaka fulani waliopita walikuta visima vimejaa au vimekauka. Mninga ulikuwa umesimama palepale, nao ulikuwa ukinywa au ukikosa.

Hatukati mti ili kuusoma. Tunatumia kekee yenye uwazi ndani, inayozungushwa kwa mikono miwili mpaka moyoni, kisha tunachomoa ujiti mwembamba kama penseli. Mninga hautaki kuingiliwa. Hutoa utomvu mwekundu kama damu, na utomvu huo ukishaganda, kekee hunaswa kama jino ndani ya muwa mkavu. Nimewahi kuuacha mpini ukining'inia kwenye shina na kurudi mjini kuomba msaada. Dawa yake ni kupaka nta kwenye nyuzi za kekee kabla ya kuanza, na kuliziba tundu kwa nta hiyo hiyo baada ya kumaliza. Nta hatukuwahi kuikosa. Tabora kukosa nta ni sawa na Kigoma kukosa dagaa.

Tulilokosa ni kuaminiwa. Popote tuliposimama kando ya njia ya zamani ya misafara, watu walijikusanya wakijua kwamba tumekuja kuchimbua mali. Wengine walisema ni dhahabu ya Mjerumani, wengine meno ya ndovu ya Mwarabu, na kila kijiji kilikuwa na mti wake ambao chini yake kitu kilifukiwa. Siku moja, upande wa Igunga, mzee mmoja alitutazama tukichomoa ujiti, tukauweka kwenye mrija wa karatasi, tukaufunga na kuuandika jina.

"Mmepata?" akauliza.

"Tumepata," Bwana Sanga akajibu.

"Mnaondoka na kijiti?"

"Na kijiti."

Mzee alitikisa kichwa. "Hamjambo nyinyi. Kweli serikali ina pesa."

Miti yenye umri mrefu si mingi. Hapo ndipo kanuni ya baba ilipoanza kunisumbua. Tulitaka kurudi nyuma zaidi ya umri wa miti iliyo hai, na njia ni moja: kutafuta mbao za zamani, boriti na miimo ya milango katika nyumba za kale za mjini, na kulinganisha pete zake na za miti iliyo hai mpaka zishikane kama viungo vya mnyororo. Boriti zilikuwepo, za mninga safi, na mafundi waliozichonga walikuwa watu wenye heshima zao. Kwa hiyo walikuwa wameuondoa weupe wote, na pamoja na weupe, miaka ya mwisho ya mti. Tulikuwa na vitabu vyenye sura zote isipokuwa ya mwisho. Nilisimama ndani ya nyumba moja karibu na soko kuu, nikiipapasa boriti ambayo kwa jinsi ilivyochongwa ingeweza kuwa ya babu yangu, na kwa mara ya kwanza maishani nikatamani fundi angekuwa mvivu.

Mwokozi alitoka porini. Mzinga wa gogo hutengenezwa kwa kupasua gogo na kulikomba ndani, ukuta wa nje ukabaki. Seremala hutupa weupe na kuhifadhi moyo. Mchonga mzinga hutupa moyo na kuhifadhi weupe. Mizinga ya zamani, iliyorithiwa na kuachwa juu ya miti mpaka nyuki wenyewe walipoihama, ilikuwa na ile miaka ya nje ambayo boriti zilikosa. Tulifanya kazi hiyo kwa misimu mingi, na sehemu kubwa ya mnyororo mlionao sasa kabatini imetokana na ndoa hiyo ya mjini na porini.

Ningependa kusema tuliwahi yote. Hatukuwahi hata nusu. Nyumba za kale zilibomolewa moja baada ya nyingine ili zijengwe fremu za maduka, na mbao zake zilikwenda zilikokwenda. Nimewahi kufika kwenye nyumba niliyoahidiwa boriti zake nikakuta zimekwisha kupika pilau ya harusi. Pilau ilikuwa nzuri. Niliila kwa adabu. Porini nako, mabani ya kukaushia tumbaku yalikula miti ambayo sisi tulikuwa tukiomba kibali cha kuitoboa tundu la unene wa kidole. Tuliandika barua ya kujieleza kwa ajili ya tundu. Aliyechoma mti mzima hakuandika chochote. Sisemi haya ili kumlaumu mkulima, ambaye hana kuni nyingine wala zao lingine la fedha. Nasema kwamba jamii inayoomba ithibitishiwe kwa nini mvua zinabadilika, huku ikiuchoma ushahidi, haina haki ya kushangaa.

Neno moja kuhusu pete za uongo, kisha niingie katika habari iliyonifanya nistaafu mapema na niandike haya. Kuna miaka mvua husimama katikati ya msimu, mwezi Januari, kwa wiki kadhaa. Mti huona kwamba kiangazi kimefika, huanza kujifunga, halafu mvua hurudi na mti huendelea. Huacha mstari unaofanana na mwisho wa mwaka, na si mwisho wa mwaka. Ndiyo sababu Bwana Sanga hakukubali kamwe ushahidi wa mti mmoja. "Hata kwenye ndoa mnataka mashahidi," aliniambia, "itakuwa mvua?" Tulitoboa miti mingi, mbali na mbali, na tulikubali tu kile ambacho yote ilikisema.

Sasa nifike Nzega. Jina la kijiji nitalificha, na majina ya watu nimeyabadilisha. Kiko kwenye tawi la njia ya misafara lililokuwa likielekea ziwani, si mbali na reli ya Mwanza, na pembeni mwake kuna uwanda ambako wapagazi walikuwa wakilala. Minane ya mininga ya hapo ni mizee kuliko yote niliyopata kuipima. Ilikuwa miaka michache kabla sijastaafu. Bwana Sanga alikuwa amekwisha kurudi kwao. Tulipomaliza kutoboa, niliwaeleza wanakijiji waliotuzunguka maana ya pete, kama ilivyokuwa desturi yangu. Walipotawanyika, mtu mmoja alibaki. Alikuwa amenizidi miaka michache, amevaa koti zito wakati wa jua kali, na alisimama mbali kidogo kama mtu aliyezoea kusimama mbali.

"Mwangaluka, mayu," akanisalimu kwa lugha ya kwao, kisha akaendelea kwa Kiswahili. "Naitwa Maganga. Mti huu ulikuwepo babu yangu alipokuja hapa?"

"Shikamoo, Mzee Maganga. Alikuja lini?"

"Marahaba, mama. Vibarua wa reli walikuwa wamepiga kambi pale. Hilo hata wanaotuchukia hawalipingi."

"Basi ulikuwepo, na ulikuwa mkubwa."

Akausogelea mti. "Na unakumbuka mvua za wakati huo?"

Akanieleza. Babu yake alikuja kutoka upande wa Igunga na ng'ombe wake, akitafuta malisho. Mara baada ya kufika, mvua ilikatika, watu wakafa njaa, na mgeni mwenye pembe ya dawa kiunoni akaonekana kuwa ndiye aliyeifunga. Hawakumuua. Walimwekea sharti: yeye na uzao wake jembe lao lisiguse ardhi mpaka kaya ya mwisho ya kijiji iwe imemaliza kupanda, ili mkono wao usiitangulie mvua ya wengine. Sharti lilidumu. Baba yake Maganga alipanda wa mwisho, na Maganga mwenyewe, mtu mzima mwenye wajukuu, alikuwa akikaa kizingitini na mbegu zake ndani ya ungo, akisubiri jirani mvivu kuliko wote amalize.

"Zamani ilikuwa aibu tu," alisema. "Mvua zilikuwa ndefu. Ukipanda mwisho, unavuna mwisho, lakini unavuna. Sasa mvua ni fupi, mama. Anayepanda mwisho anapandia kiangazi. Miaka hii sijavuna gunia la kumaliza nalo miezi miwili. Ninachotaka ni kimoja, kupanda siku wanayopanda wenzangu."

Nilimpigia simu Bwana Sanga huko Njombe. Nilitarajia aniambie sisi si mahakama. Hakusema hivyo. "Ni swali la mvua ya mwaka unaojulikana, mahali panapojulikana," alisema. "Hilo ndilo swali letu. Ukiulizwa unachoweza kukijibu ukanyamaza, umedanganya." Niliyaamini maneno hayo, na bado nayaamini. Ndilo linalonitesa.

Kazi tuliifanya kwa ukamilifu. Hatukuitegemea miti ya uwanda ule peke yake. Tulichukua ya Igunga, ya kusini kuelekea Sikonge, na mnyororo wote wa mizinga na boriti. Jibu lilikuwa wazi kuliko majibu mengi niliyopata kuyaona. Ukame ulikuwepo, na ulikuwa mbaya. Pete zake zilikuwa nyembamba kiasi kwamba ilitubidi kuzitafuta kwa hadubini. Lakini ulianza misimu miwili kabla ya kambi ya vibarua wa reli, yaani misimu miwili kabla ya babu yake Maganga kutia mguu kijijini. Tena ulikuwa kila mahali, kutoka Igunga mpaka Sikonge. Mtu yule hakuleta ukame. Aliukimbia.

Mwenyekiti wa kijiji alikubali niwasilishe matokeo katika mkutano, nao ukafanyika ndani ya darasa la shule ya msingi, watu wazima wakiwa wamekunja magoti kwenye madawati ya watoto. Katekista alikuwepo, na mwalimu wa madrasa alikuwepo, na kila upande ulikuwa umekwisha kunihakikishia faraghani kwamba hauamini mambo ya kufunga mvua. Maganga alikaa nyuma, karibu na mlango, na mkewe, Mama Kabula. Nilibandika ukutani picha kubwa ya ujiti. Nilionyesha ganda, nikahesabu nao kurudi nyuma, tukapita Uhuru, tukapita vita vya pili vya wazungu, tukafika reli. Walihesabu pamoja nami kwa sauti, kama darasa. Nilipowaonyesha pete mbili nyembamba zilizotangulia reli, nilifikiri nimemaliza.

Aliyesimama ni Mzee Mihayo, ambaye baba yake alikuwa miongoni mwa walioweka sharti. Alikuwa na sauti ya upole na uso wa mtu anayefurahia kuzungumza.

"Mama, kwanza tunakushukuru. Miti hii umeipima mwenyewe?"

"Nimeipima mwenyewe, mzee."

"Na inasema kiangazi kilifika hapa misimu miwili kabla ya yule bwana."

"Misimu miwili. Haina shaka."

"Haina shaka." Akawageukia watu. "Mimi namwamini mama. Mtu amehangaika na vijiti mpaka amefika reli, mtamkatalia nini? Sasa niambieni nyinyi, wana wa njia ya misafara. Msafara ukija, nani huonekana kwanza? Mwenye mali, au kirangozi?"

"Kirangozi," watu wakajibu.

"Kirangozi hutangulia na ngoma yake. Mwenye mali yuko nyuma kabisa, anakunywa maji. Basi huyu bwana alikitanguliza kiangazi chake, kikatupigia ngoma misimu miwili, kisha yeye akafuata na ng'ombe. Wazee wetu walidhani alianza alipofika. Kumbe walimpunguzia."

Darasa lilicheka. Si kicheko cha ukatili. Kilikuwa kicheko cha watu waliotatuliwa fumbo. Nilisimama tena. Nilisema ukame huohuo uko kwenye miti ya Igunga, na ya Sikonge ambako mtu yule hakuwahi kufika, na kwamba hakuna binadamu anayeweza kufunga mvua ya nchi nzima.

"Basi alikuwa mkubwa kuliko tulivyojua," Mzee Mihayo akasema, na safari hii hata katekista aliinamisha uso kuficha tabasamu.

Mwenyekiti alisema kijiji kimepokea taarifa ya wataalamu, kinaipongeza serikali, na mambo ya mila yabaki kwa wenye mila. Ndivyo lilivyoisha. Maganga alinisindikiza mpaka kwenye gari.

"Mama, umesema kweli yote?"

"Yote, Mzee Maganga. Mbele ya Mungu."

"Basi umefanya ulichoweza." Alinishukuru, akarudi kwa mkewe. Mama Kabula hakunishukuru. Alinitazama moja kwa moja, mtoto wa mtu kamtazama mtoto wa mtu, akasema kwa sauti ya chini, "Sisi tulikuwa na deni la mwaka mmoja. Sasa ni mitatu."

Nilirudi Tabora nikijiambia kwamba ukweli ukishasemwa hufanya kazi yake polepole, kama mbegu. Ni msemo wa watu ambao hawalimi. Msimu uliofuata Maganga alipanda mwisho tena na mvua ikamkatia mahindi yakiwa yanachanua. Kabla ya kiangazi kwisha aliuza mbuzi wake, akahamia Itetemia, ukingoni mwa mji huu, ambako binti yake Kabula ameolewa. Alikodi shamba miongoni mwa watu wasiomjua.

Mvua zilizofuata zilikuwa njema kuliko nilivyoziona kwa muda mrefu. Aprili ilipokwisha nilipigiwa simu na Mzee Mihayo mwenyewe. Alinijulia hali, akauliza habari za nyumbani, kisha akanikaribisha nije kuitoboa tena ile mininga. "Njoo uone, mama. Tangu bwana yule aondoke, visima vimejaa." Sikuwa na haja ya kwenda, lakini kazi ilidai nyongeza ya mwaka, nikaenda. Vijana wa kijiji walinizungushia kekee kwa furaha. Pete ya nje kabisa, chini ya ganda, ilikuwa pana na safi. Niliwaambia mvua hii imenyesha kila mahali, hata kwa Maganga aliko. Walinijibu kwa heshima, "Ndiyo, mama," kama unavyomjibu mtu aliyefiwa. Niliipima pete ile na kuiandika ilivyo, kwa sababu ilikuwa pana kweli, na sikuwahi kuandika kisichokuwepo.

Niliporudi mjini nilipitia Itetemia kabla ya kufika kwangu. Nilitaka Maganga aisikie habari ile kwangu kabla hajaisikia kwa mwingine, na nilikuwa nimejiandalia maneno: kwamba mvua ilimnyeshea yeye pia, kwamba shamba lake mwenyewe ni shahidi, na kwamba shahidi huyu hahitaji hadubini. Nilipofika, mahindi ya majirani yalikuwa yamekwisha kukauka kwa kukomaa, mazito, mengine yamevunwa. Katikati yake palikuwa na kipande kimoja ambacho mabua yake yalifika kiunoni, majani yamesinyaa kabla ya kubeba. Maganga alikuwa humo, akiyang'oa ili ampe ng'ombe wa mkwewe.

Nilimwamkia. Nikamwuliza kama mbegu ilikuwa mbaya.

"Mbegu ilikuwa nzuri, mama. Kabula aliileta mapema."

"Ulipanda lini?"

"Niliwasubiri majirani wamalize."

Nilimwambia hapa hakuna anayemjua babu yake. Hakuna sharti, hakuna Mihayo, hakuna aliyemwomba asubiri. Nilisema kwa ukali, kwa sababu nilikuwa na hofu.

"Najua," alisema. "Hawajui lolote. Wametupokea vizuri sana, mama. Walitupa maji siku ya kwanza, wakatuonyesha mpaka wa shamba." Aliliweka chini fungu la mabua, akajifuta mikono kwenye koti. "Halafu nikafikiri, miti haina sababu ya kunisingizia. Kama kweli kile kiangazi kilitutangulia na ngoma yake, sikutaka kuwaharibia hawa mvua yao."